Chapa Kama Shahidi: Kuhusu Fedha ya Kale ya Urusi na Wanaoighushi

Msomaji aliyezoea kukuta katika kurasa hizi ufafanuzi wa Maandiko na historia ya Kanisa huenda akauliza pana uhusiano gani kati ya darasa la theolojia na karakana ya mfua fedha. Swali hilo ni la haki, nasi tutalijibu kwa mambo mawili. Kwanza, kutofautisha chombo halisi cha fedha na kile kilichoghushiwa ni uhakiki wa namna ileile anayofundishwa mwanafunzi wetu anapohojiana na maandishi ya kale: nani anasema, alisema lini, na je, maneno yake yanapatana na wakati anaodai kuishi? Pili, sehemu kubwa ya fedha bora iliyofuliwa nchini Urusi ilifuliwa kwa ajili ya madhabahu, na mwaka 1922 sehemu kubwa ya hiyo iliangamizwa. Anayeghushi kikombe cha Ushirika cha Kirusi hamwibii mnunuzi pesa zake tu. Tutalirudia jambo hilo mbele. (Na kwa kuwa lugha yetu hutumia neno moja kwa madini na kwa pesa, tuseme mapema kwamba hapa fedha ni madini.)

Hoja yetu ni kwamba wauzaji na wakusanyaji wameitwika chapa mzigo usiokuwa wake. Chapa ni shahidi mmoja, na shahidi huhojiwa. Mahali pengi imegeuzwa kuwa hakimu.

Tuanze na mambo yanayojulikana. Upigaji wa chapa za serikali juu ya fedha nchini Urusi uliwekwa katika utaratibu wa sheria kwa amri ya Tsar Peter Mkuu ya mwaka 1700. Kipimo kilikuwa zolotniki, ambayo ni sehemu moja katika 96 za ratili ya Kirusi, takriban gramu 4.27. Kwa hiyo fedha isiyochanganywa na kitu ingehesabiwa 96. Lakini fedha tupu ni laini mno kwa chombo cha kutumika, na mfuaji huitia shaba ili iwe ngumu. Tarakimu 84, inayoonekana kwenye vyombo vingi kuliko nyingine yoyote, maana yake ni kwamba katika sehemu 96 za mchanganyiko huo, sehemu 84 ni fedha, yaani 875 katika elfu. Viko pia viwango vya 88 na 91. Mgeni wa somo hili aghalabu hudhani kwamba 84 ni mwaka au ni asilimia. Si mwaka wala si asilimia.

Chombo cha karne ya 19 kilichopitia ofisi ya upimaji kwa kawaida hubeba chapa nne: jina la mfuaji au la nyumba yake ya biashara, likiwa kamili au kwa herufi za kwanza, nembo ya mji, herufi za jina la mpimaji wa serikali pamoja na mwaka, na kiwango cha fedha. Nembo ya Moscow ni Mtakatifu George juu ya farasi akimchoma joka. Ile ya St. Petersburg ni nanga mbili zilizopishana pamoja na fimbo ya enzi. Kuanzia mwaka 1899 utaratibu ulibadilika. Nembo za miji ziliachwa, na mahali pake pakawekwa kichwa cha mwanamke aliyevaa kokoshnik, lile pambo la kichwa la wanawake wa Kirusi. Kwanza alitazama upande wa kushoto, na kando yake zilikuwapo herufi za mpimaji, kwa mfano Ivan Lebedkin wa Moscow. Kuanzia 1908 aligeuzwa kutazama kulia, na herufi za mpimaji zikaachia nafasi herufi ya Kiyunani inayotaja wilaya: alfa kwa St. Petersburg, delta kwa Moscow. Mwaka 1927 serikali ya Kisovieti iliweka kichwa cha mfanyakazi mwenye nyundo, pamoja na kiwango cha tarakimu tatu katika elfu. Na mwaka 1958 ikaja nyota yenye nyundo na mundu.

Kisha, mwaka 1994, mwanamke wa kokoshnik alirudi katika chapa za Urusi ya leo. Hili ni muhimu kuliko linavyoonekana. Kijiko chenye kichwa hicho na tarakimu 925 si cha kughushi hata kidogo; ni kijiko halali cha siku zetu. Uongo huingia muuzaji anapokiita cha zamani za Tsar. Yaani chapa yaweza kusema kweli yote, na bado mtu akadanganywa kwa njia yake.

Mpangilio huu wa miaka ndio unaompa mhakiki nguvu yake ya kwanza. Michael Perchin, msimamizi wa karakana katika nyumba ya Fabergé huko St. Petersburg, alifariki mwaka 1903, na Henrik Wigström akashika nafasi yake. Basi kisanduku chenye herufi za Perchin pamoja na kokoshnik inayotazama kulia, ambayo haikuwapo kabla ya 1908, kinadai kwamba marehemu aliendelea kufua. Vivyo hivyo Carl Fabergé alipata cheo cha mtoaji wa bidhaa kwa Ikulu mwaka 1885. Tai wa kifalme juu ya jina lake, kando ya chapa ya mpimaji ya mwaka 1880, ni ushahidi unaojipinga wenyewe. Jambo la namna hii halihitaji maabara. Linahitaji tarehe na subira.

Herufi nazo husema. Wigström, mzaliwa wa Tammisaari nchini Finland, kama Wafini wenzake kadhaa waliofanya kazi katika nyumba hiyo, alipiga jina lake kwa herufi za Kilatini, H.W.; Perchin, aliyekuwa Mrusi, alitumia za Kirusi. Hapa tunapenda kuwatahadharisha wasomaji juu ya kosa moja linalochekesha kidogo. Juu ya mayai ya Pasaka ya Kirusi mara nyingi huonekana herufi mbili zinazofanana na X na B. Tumekwisha kuona watu wakizitafuta katika orodha za mafundi. Herufi hizo si za fundi yeyote: ni mwanzo wa maneno mawili ya salamu ya Pasaka, ile inayotangaza kwamba Kristo amefufuka. Ni jambo la kuhuzunisha kidogo mtu kuisoma Injili akadhani ni jina la duka.

Baada ya kusoma, ni lazima kutazama. Chapa halisi hupigwa kwa nyundo na kipande cha chuma cha pua kilichochongwa. Chuma kinapozama, fedha husukumwa pembeni. Kingo za alama huwa kali, sakafu yake huwa laini, na nyuma ya bamba, kama halikusuguliwa, huonekana dalili ya pigo. Anayeghushi kwa njia rahisi huchukua chombo halisi, hutengeneza kalibu kutokana nacho, na kumimina nakala. Chapa zote zimo, zimepangwa ipasavyo, na kila mwaka unapatana na mwenzake. Lakini zikitazamwa kwa kioo cha kukuzia, kingo zake ni butu kama sabuni iliyotumika, na ndani mna vitundu vidogo vidogo vya hewa. Na iwapo vijiko sita vya seti moja vina chapa zilizokaa mahali palepale, kwa mwelekeo uleule na kasoro zilezile, tujue kwamba hapakuwa na mkono. Mkono wa mtu haupigi mara sita sawasawa.

Njia ya pili ni ngumu zaidi kuigundua. Mwenye hila hununua chombo cha kweli cha Kirusi, cha fundi asiye na sifa, chenye chapa halali za mji na za mpimaji, kisha hulifuta jina la fundi yule na kupiga la Ovchinnikov au la Fabergé. Hapo robo tatu ya ushahidi ni ya kweli. Alama hujulikana kwa sababu jina jipya ni kali na safi, ilhali majirani zake wamechakaa kwa miaka mia moja ya kusuguliwa, na uso wa fedha mahali pale umepungua unene. Njia ya tatu ni kukata chapa kamili kutoka kijiko au kipande kilichovunjika na kuiunganisha chini ya kikombe kikubwa. Ukikipulizia pumzi ya kinywa chombo kama hicho, mstari wa kiungo mara nyingine hujitokeza katika ukungu kwa muda mfupi.

Maabara husaidia, ila tusiitarajie itende miujiza. Fedha ya kale huwa na mabaki kidogo ya dhahabu na ya risasi ambayo usafishaji wa kisasa kwa umeme huyaondoa, na kadmiamu ikionekana katika kiungo kinachodaiwa kuwa cha mwaka 1850, jambo limekwisha. Lakini anayeyeyusha vijiko vya zamani vilivyovunjika ili afue kikombe kipya anayo fedha ya kale mkononi. Mashine itasema kweli juu ya madini, na haitasema neno juu ya kikombe.

Wanafunzi wetu watakuwa wamekwisha kuona tunakoelekea. Mwaka 1440 Lorenzo Valla alionyesha kwamba ile Hati ya Constantine, ambayo kwayo mapapa walidai mamlaka juu ya nchi za Magharibi, haikuweza kuandikwa katika karne ya nne, kwa kuwa Kilatini chake kilikuwa cha zama nyingine na kilitaja maliwali wa Kiajemi mahali ambapo Mrumi asingewataja kamwe. Martin Luther alikisoma kitabu hicho mwaka 1520, na kikamtikisa. Mhakiki wa fedha ya Urusi anayo silaha ya namna hiyohiyo. Mwaka 1918 maandishi ya Kirusi yalirekebishwa na herufi kadhaa zikaondolewa, na ile iliyokuwa ikifunga maneno mengi bila kutamkwa ikaachwa kuandikwa mwishoni mwa maneno. Kikombe chenye chapa za mwaka 1890, ambacho chini ya mguu wake kuna maandishi ya wakfu kwa tahajia iliyofundishwa shuleni baada ya 1918, kimejihukumu chenyewe. Tusisahau pia kanuni ya usomaji mgumu. Kama vile mnakili huelekea kulainisha neno gumu, ndivyo anayeghushi huelekea kwenye jina linalouzwa. Fundi asiyejulikana wa mji wa mbali huaminika upesi zaidi kuliko Fabergé, kwa sababu tu hakuna aliyepata faida ya kumzulia.

Hata hivyo, si kila kutopatana ni hila. Vyombo hutengenezwa upya. Kikombe hubadilishiwa mguu uliovunjika, na mguu mpya hupigwa chapa za mwaka wake. Kifuniko cha chombo kimoja huhamia kingine. Aliyesoma vitabu vitano vya Musa kwa uangalifu hatashangaa kukuta mikono miwili katika kazi moja, wala hatapiga kelele kwamba kazi yote ni ya uongo. Na mwaka uliochapwa peke yake haumfungi mtu. Wazee wetu wa pwani waliijua vema reale ya Maria Theresa, ile sarafu ya fedha iliyoandikwa 1780, ambayo iliendelea kupigwa kwa mwaka huohuo huko Vienna, na katika karne ya 20 huko Roma, London na Bombay, muda mrefu baada ya malkia mwenyewe kuzikwa. Hakuna mfanyabiashara aliyetapeliwa kwayo, maana kila mtu alijua 1780 inamaanisha nini: uzito na ubora, si umri.

Mwongozo mkubwa wa somo hili ni kitabu cha M. M. Postnikova-Loseva, N. G. Platonova na B. L. Ulyanova juu ya kazi ya dhahabu na fedha kuanzia karne ya 15 hadi ya 20, kilichochapishwa Moscow mwaka 1983. Ni kazi ya uvumilivu wa ajabu, na hakuna anayeweza kufanya lolote la maana bila kukifungua. Lakini orodha ya chapa iliyochorwa vizuri humsaidia mwizi sawasawa na askari. Anayeghushi leo hakosei tena miaka kama zamani. Kwa hiyo wale wanaoendelea kuthibitisha vyombo kwa kulinganisha chapa na kitabu peke yake wanafanya mtihani ambao majibu yake yamekwisha kugawanywa.

Hapa hatuna budi kuikabili hoja moja ambayo si ya kipuuzi. Wapo wasemao: ikiwa kata ya fedha, ile ya umbo la ndege aeleaye majini, imefuliwa kwa ustadi hata mtaalamu akakosa la kusema, basi macho yanapoteza nini? Uzuri si uzuri? Wenye hoja hii huongeza kwamba mafundi wa Moscow wenyewe walipenda udanganyifu. Na ni kweli. Nyumba ya Sazikov na ile ya Ovchinnikov, ambaye alizaliwa mtumwa wa shamba la bwana akaishia kuwa mmoja wa mafundi wakuu wa nchi, zilitoa vikapu vya mkate vilivyofunikwa kitambaa cha mezani, chenye mikunjo na nyuzi zinazohesabika, na kitambaa chenyewe ni fedha tupu. Mgeni hunyoosha mkono akiunyue, kisha hucheka. Sisi tunaiona kazi hiyo kuwa miongoni mwa zilizo bora za karne yake. Lakini tazama jinsi inavyofanya kazi: furaha yote hutokea pale udanganyifu unapofunuliwa. Fundi anataka ugundue, na chini ya kikapu ameweka jina lake la kweli. Chombo cha kughushi huishi kwa sharti kwamba usigundue kamwe. Ustadi waweza kuwa mmoja. Nia ni mbili.

Tena, ni nadra ustadi kuwa mmoja. Anayeghushi hutazama nyuma ya bega lake. Mchoro wake ni wa woga, kwa kuwa anafuata mstari wa mtu mwingine. Mahali ambapo fundi wa kweli alikuwa na haraka akaacha jani moja bila kumaliza, mwigaji hulimaliza. Hupamba kupita kiasi. Huweka tai wa kifalme pale ambapo afisa wa kawaida angeridhika na herufi za jina lake. Hii ndiyo sababu tunasema kwamba jicho lililozoea kazi ya fundi litangulie, chapa ifuate.

Na sasa tufike madhabahuni. Mwezi Februari 1922, wakati njaa ikiua watu katika bonde la Volga, serikali ya Kisovieti iliamuru vyombo vya thamani vitwaliwe makanisani. Patriaki Tikhon alikuwa amekwisha kuruhusu sharika zitoe mapambo yasiyowekwa wakfu kwa ajili ya wenye njaa. Vyombo vya Meza ya Bwana alikataa visitolewe kwa nguvu. Mwezi Mei alikamatwa. Metropolitani Veniamin wa Petrograd, aliyekuwa tayari kutafuta mapatano, alipigwa risasi mwezi Agosti. Hadi mwisho wa kampeni ile zilikusanywa takriban puda 24,000 za fedha, karibu tani 390, na sehemu kubwa yake iliyeyushwa. Baadaye, kati ya 1931 na 1936, maduka yaliyoitwa Torgsin yalipokea kutoka kwa wananchi vijiko na fremu za sanamu takatifu kwa kubadilishana na unga.

Kikombe cha ibada ya Kiorthodoksi kilichookoka miaka ile ni kama nakala pekee iliyobaki ya kitabu kilichochomwa. Juu yake huwapo mara nyingi picha nne katika duara, na kuzunguka ukingo maneno ya kuwekwa kwa Sakramenti kwa Kislavoni. Chini ya mguu huandikwa jina la aliyetoa, kanisa alilolipa, na mara nyingine uzito wake. Uzito huo unapimika hata leo, na tunashangaa jinsi wauzaji wachache wanavyojali kuupima. Ezra, katika sura ya nane ya kitabu chake, alivipima vyombo vya nyumba ya Mungu wakati wa kuondoka, navyo vikapimwa tena Yerusalemu. Hakuridhika na orodha.

Sisi Walutheri hatufundishi kwamba Sakramenti yategemea madini. Ibara ya nane ya Ungamo la Augsburg yatosha kutukumbusha kwamba uovu wa mtumishi haubatilishi alichokiweka Kristo, sembuse uovu wa sonara. Usharika ukishiriki kwa kikombe cha kughushi umeshiriki kweli. Lakini mtu anayechonga chini ya kikombe kipya jina la kanisa lililobomolewa, na la mjane aliyetoa, na mwaka wa huzuni, anamzulia jirani ushuhuda, na jirani huyo hawezi kujibu. Amri ya nane haikuwekewa mpaka wa walio hai. Kwa sababu hiyo tunaona ni udhaifu wa maandishi mengi juu ya somo hili kwamba hupima madhara ya kughushi kwa bei ya mnadani peke yake.

Mwanzoni mwa mwaka 2021, jumba la makumbusho la Hermitage huko St. Petersburg likiwa limefungua maonyesho ya kazi za Fabergé, muuzaji mmoja wa sanaa za Kirusi alitoa barua ya wazi akidai kwamba vitu kadhaa vilivyokuwamo vilikuwa vipya, havikuwa vya fundi huyo. Jumba lilisimama na maonyesho yake. Sisi hatuko mahali pa kuamua kati yao, na vitu vilivyobishaniwa zaidi havikuwa vyombo vya fedha. Tunachosema ni kwamba chapa pekee haikuweza kuwapatanisha, na kwamba swali lililobaki mezani lilikuwa lile ambalo mnunuzi wa kikombe angepaswa kuanza nalo: kilikuwa mikononi mwa nani mwaka 1922, na mwaka 1935, na kilifikaje hapa?

Tuliona wakati mmoja picha ya kikombe kikubwa cha ibada, kimepakwa dhahabu, chenye chapa za Moscow zilizopatana zote. Mwenye kukihakiki alikifungua mguu akakuta kipande chembamba kimeunganishwa kwa ndani, chenye mkunjo mdogo usiolingana na duara la mguu. Ulikuwa mkunjo wa mpini wa kijiko cha chai. Kijiko kile kilikuwa halisi.